Laxton, kijiji cha ngwe: maoni ya bwana shamba mstaafu

Katika miezi sita niliyokaa kwa binti yangu mjini Nottingham nimepelekwa sehemu nyingi: makanisa makubwa, majumba ya wafalme, viwanja vya mpira. Mahali pamoja tu niliomba nirudishwe. Ni kijiji kinachoitwa Laxton, kiko ndani ya mkoa huo huo wa Nottinghamshire, karibu na mji mdogo wa Ollerton, kama saa moja kwa gari. Kuingia ni bure. Ninaandika maoni haya kwa Mswahili yeyote aliyeko Uingereza, au anayekuja kutembelea watoto wake kama mimi, ambaye amewahi kushika jembe au amelelewa na mtu aliyeshika jembe.

Nilisoma kilimo Uyole, nikaajiriwa mwaka 1975, nikafanya kazi ya ubwana shamba katika vijiji vya Njombe na Iringa mpaka nilipostaafu. Nawaambia hivyo ili mjue nilikitazama kijiji hiki kwa jicho gani. Wengine watakwenda kupiga picha mandhari. Mimi nilikwenda kuangalia mipaka.

Kabla ya Laxton, mkwe wangu alitupeleka kwenye maonyesho ya enzi za kati mahali pengine, ambapo sitapataja. Tulilipa pauni 19 kila mtu mzima. Tuliona mapanga, deraya, farasi waliovikwa nguo, mashujaa wanapigana mbele ya watoto. Nikatafuta mkulima. Nilimkuta kwenye kona: sanamu moja la mtu mchafu ameinama na fimbo mkononi, na chini yake sentensi mbili kwamba watu hawa walikuwa maskini na wajinga, waliwalisha mabwana. Iliniuma. Watu tisa kati ya kumi wa Ulaya ya wakati ule walikuwa wanaishi kijijini na kula jasho lao wenyewe, halafu wanapewa kona moja na sentensi mbili! Usiku ule nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, hivi nchi hii yote haina mahali pa kumwona mkulima wa zamani?" Akatafuta kwenye simu yake, akasema, "Baba, kuna kijiji bado wanalima vile vile."

Hiyo "vile vile" inahitaji maelezo kidogo. Wanalima kwa matrekta na mashine za kuvunia kama wakulima wengine wa Uingereza. Kilichobaki cha zamani ni mpangilio wa ardhi na sheria yake. Laxton ndicho kijiji pekee Uingereza ambako mashamba ya ngwe bado yanaendeshwa na baraza la kijiji kama yalivyoendeshwa miaka mia nane iliyopita. Pana mashamba matatu makubwa yasiyo na uzio wala ukuta ndani yake: South Field, Mill Field na West Field. Kila shamba limegawanywa ngwe ndefu ndefu, na kila mkulima ana ngwe zake katika mashamba yote matatu, zimetawanyika, hii hapa, nyingine kule, katikati jirani zake.

Mara ya kwanza tulikwenda Juni. Kituo cha wageni ni jengo dogo kando ya maegesho ya baa ya kijiji, Dovecote Inn. Ndani kuna mabango ya maelezo, na unajisomea mwenyewe kwa utaratibu wako. Kilichonishika ni habari za ramani. Mwaka 1635 tajiri mmoja wa London, Sir William Courten, aliyekuwa amenunua ardhi ya kijiji, alimlipa mpima ardhi aitwaye Mark Pierce achore kila ngwe ya Laxton na jina la anayeilima. Ramani yenyewe imetunzwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Mpima yule hakuchora mistari tu. Aliweka humo watu wadogo wadogo: huyu anafuata plau, hawa wanavuna, wale wanachunga. Nimepima mashamba maisha yangu yote, nimechora ramani za vijiji kwa penseli juu ya magunia, na sijawahi kuona mpima anayewaheshimu wakulima kiasi cha kuwachora ndani ya ramani ya mwenye ardhi.

Kutoka kituoni tukatembea. Kijiji chenyewe kinakupa somo kabla hujafika shambani, maana nyumba za wakulima zimepangwa kando ya barabara, kila moja na kiwanja chake kirefu kinachokwenda nyuma. Sehemu nyingi za nchi ile mkulima anakaa peke yake katikati ya shamba lake. Hapa wanakaa pamoja na kwenda shambani kama sisi. Mjukuu wangu, aliyezaliwa huku, alishangaa niliposema, "Hapa ni kama nyumbani." Akaniuliza, "Babu, kama nyumbani vipi?" Nikamwambia asubiri afike Njombe aone.

Tukafika ukingoni mwa shamba. Kwa mtu asiyejua, ni uwanda mkubwa wa mazao, basi. Lazima utulize macho. Taratibu unaona rangi ya ngano inabadilika kidogo kwenye mstari mrefu, kwa sababu huyu alipanda siku tofauti na yule, au aliweka mbolea tofauti. Hapo ndipo mpaka ulipo. Hapana jiwe wala seng'enge. Nilisimama pale muda mrefu, na nawaambia kweli, nilirudi mwaka 1976.

Wenzangu wa umri wangu watakumbuka mashamba ya bega kwa bega. Wakati wa vijiji vya ujamaa tulipima eneo moja kubwa, tukaligawa vipande, kila kaya ikapata chake kando ya jirani, wote mnalima zao moja kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe nilivuta kamba nyingi za aina hiyo. Tulidhani ni jambo jipya. Kumbe wakulima wa Ulaya walilima bega kwa bega karne kwa karne, na walikuwa wamekwisha kutatua matatizo yale yale yaliyotushinda sisi: nani aanze kulima, ng'ombe waingie lini kula mabua, njia ya kupita ikatwe wapi, na aliyekula mpaka wa mwenzake afanywe nini.

Kwa nini wazitawanye ngwe, mtu asipewe eneo lake moja akatulia? Swali hili mkwe wangu aliuliza, na ni mhandisi, anapenda mambo yaliyonyooka. Jibu liko miguuni pako. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, unashika buti kama gundi. Mahali penye mteremko maji yanaondoka, bondeni yanatuama. Ukimpa mtu mmoja bonde lote, mwaka wa mvua nyingi watoto wake wanakufa njaa. Ukimpa kipande bondeni, kipande mteremkoni na kipande juu, kila mwaka atapata chochote. Wakulima wa Njombe wanafanya hivyo bila kufundishwa na bwana shamba yeyote: shamba la mlimani la mahindi, kinyungu bondeni kwa ajili ya kiangazi, na kipande kingine upande wa pili wa kijiji alichoachiwa na shangazi. Nikiwa kijana niliwaandikia ripoti kwamba wanapoteza muda wa kutembea. Ripoti ile nilikosea.

Mashamba ni matatu kwa sababu ya mzunguko. Mwaka huu shamba la kwanza lina ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili lina zao la masika kama shayiri, la tatu limepumzika. Mwaka unaofuata zamu zinahamia. Zamani shamba la kupumzika liliachwa bila kupandwa, mifugo ya kijiji chote ikaachiwa humo ikala majani na kuacha samadi. Siku hizi mwaka wa tatu hupandwa malisho. Mbolea ya gunia haikuwepo, kwa hiyo rutuba yote ilitegemea ng'ombe, mazao ya jamii ya kunde na mapumziko. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kupanda kwa saa yake: ukichelewa kuvuna ngwe yako, umezuia mifugo ya kijiji kizima kuingia.

Na urefu wa ngwe nao una sababu. Kipimo cha Kiingereza kiitwacho furlong, kama mita 201, maana yake ni urefu wa mfereji mmoja wa plau. Ndiyo masafa ambayo maksai wanavuta plau zito kwenye mfinyanzi kabla ya kugeuka na kupumua. Ekari nayo ilikuwa kazi ya siku moja ya plau. Plau kamili lilivutwa na maksai wanane, na wakulima wachache walikuwa na wanane. Huyu ana wawili, yule mmoja, wanaunganisha. Tuliyaona matuta ya zamani kwenye malisho yasiyolimwa tena, yamepinda kidogo kama herufi S, kwa sababu mtu anayeongoza maksai wanane huanza kuwageuza kabla hajafika mwisho. Nilishuka nikapita juu ya tuta moja kwa miguu yangu. Wale maksai wamekufa zamani na mkunjo wao bado upo kwenye nyasi.

Kati ya mashamba kuna vipande vya nyasi wanavyoviita sykes, sehemu zenye maji mengi ambazo plau halikuweza kuingia. Juni vimejaa maua. Nyasi zake zilikuwa mali ya wote na huuzwa kwa mnada kila mwaka kwa ajili ya kukata majani makavu. Kama una watoto, wapeleke hapo, wana nafasi ya kukimbia.

Sasa nizungumzie upande mchungu. Nendeni mpaka kwenye kichuguu kikubwa kaskazini ya kijiji. Ni mabaki ya ngome, kilima kilichojengwa kwa mikono. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini ya Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Mfalme William aliwagawia watu wake nchi, na kitabu cha hesabu cha mwaka 1086 kinaonyesha Laxton imeshakuwa ya Geoffrey Alselin, Mnormani. Baadaye ngome ile ikawa makao ya walinzi wakuu wa msitu wa Sherwood. Panda juu, geuka uangalie kijiji. Utaona kila kitu, na utaelewa kwamba kila kitu kilionekana.

Sisi tuliosoma siasa shuleni tulikariri neno ukabaila pamoja na ubepari, lakini wengi tulilibeba bila picha. Picha yake ni hii. Mkulima asiye huru wa Uingereza ya karne ya 13 alikuwa na ngwe zake, pengine jumla ya ekari 30 kama ana bahati, na wengi walikuwa na chini ya hapo sana. Kwa ajili ya ngwe hizo alimlimia kabaila siku mbili au tatu kila wiki bila malipo, na wakati wa mavuno siku za ziada, yaani zile siku ambazo mazao yake mwenyewe yamekauka na mvua inatishia. Alisaga nafaka kwenye kinu cha bwana na kuacha sehemu ya unga. Binti yake akiolewa alilipa ada ya ruhusa. Akifa, bwana alichukua mnyama bora kuliko wote zizini, wiki ile ile ya msiba. Kuhama bila ruhusa hakuweza. Wahaya waliosikia wazee wao wakieleza nyarubanja, mfumo wa mpangaji kumlipa na kumtumikia mwenye ardhi, kabla haijafutwa kwa sheria miaka ya 1960, hawatahitaji tafsiri.

Nilimpigia mjukuu wangu hesabu pale pale juu ya kilima, na nawapigia na ninyi. Ngano ya wakati ule ukipanda gunia moja ulivuna matatu au manne. Tuseme mwaka mzuri, manne. Moja unaliweka mbegu, huligusi hata mtoto akilia. Kanisa linachukua fungu la kumi, hapo umeshabaki na mawili na kidogo zaidi ya nusu. Kinu kina sehemu yake. Kodi na ada za bwana zinasubiri. Mwaka mbaya ukivuna mawili, moja ni mbegu. Mjukuu wangu aliniuliza, "Sasa walikula nini?" Walikula uji mzito wa shayiri na oti (oats), mkate mweusi wa rai, njegere, maharage, kabichi na vitunguu vya uani, na pombe ya shayiri. Ngano nzuri iliuzwa ili kupata fedha za kodi. Mkulima wa pareto na mkulima wa kahawa wanaijua hali hiyo ya kulima kitu usichokula.

Hapa ndipo ninapoona Laxton inahitaji mgeni alete kitu chake. Shamba ni zuri, nyasi ni za kijani, kijiji kimetulia, na mtu anaweza kuondoka akidhani maisha yale yalikuwa ya amani. Nira haionekani shambani. Someni kidogo kabla ya kwenda, na mpande kwenye kile kilima.

Mara ya pili nilikwenda mwishoni mwa Novemba, siku chache kabla ya kurudi nyumbani. Nilimwomba binti yangu abadilishe zamu kazini, akafanya hivyo. Ilikuwa siku ya wazee wa baraza kukagua shamba. Nawasihi, kama mnaweza kwenda siku moja tu katika mwaka, iwe hiyo.

Kila mwaka baraza la Laxton huteua wazee kumi na wawili na msemaji wao kutoka miongoni mwa wakulima wenyewe. Ngano ikishaota, wanazunguka shamba lililopandwa, ngwe kwa ngwe. Tuliwafuata kwa mbali kando ya njia, mvua ikinyunya. Wamevaa makoti mazito na mabuti ya raba, wamebebwa kwenye tela la trekta. Wanashuka, wanaangalia, wanabishana kwa sauti ya chini, mmoja ananyoosha mkono kule, mwingine anatikisa kichwa. Kisha kigingi kipya kinapigwa nyundo mahali pa mpaka. Wanaangalia kama kuna aliyelima akaingia njia ya wote, au kwenye nyasi za sykes, au kwa jirani. Anayekutwa anaandikwa.

Nimesuluhisha mipaka mingi. Nimeitwa alfajiri kwa sababu ndugu wawili wameshikiana mapanga kwa ajili ya hatua tatu za ardhi. Kwa hiyo nilipoona kundi la wakulima wamesimama kwenye tope, bila polisi, bila mwanasheria, wanakubaliana juu ya kijiti, koo lilinikaba. Binti yangu alidhani ni baridi.

Wiki moja baadaye baraza lenyewe linakaa ndani ya Dovecote Inn. Anaongoza msimamizi wa baraza, majina ya wanaopaswa kuhudhuria yanasomwa, asiyekuja bila sababu anatozwa senti chache, waliokiuka wanatozwa faini, na wazee wapya wanaapishwa kwa mwaka unaofuata. Sikuweza kuhudhuria kwa sababu ya tiketi ya ndege. Mkulima mmoja mzee, aliyesimama nasi kando ya njia na kukubali kujibu maswali yangu mengi, alinieleza kwa subira. Kiasi cha faini ni kidogo, alisema, lakini hakuna anayependa jina lake lisomwe mbele ya majirani. Na baraza hilo ni la kisheria kweli. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza liliyaondolea mamlaka mabaraza ya aina hiyo nchini kote, lakini la Laxton likaachiwa yake.

Jambo hili ndilo nililotoka nalo Laxton, na ndilo lililonifanya niandike. Baraza lile asili yake ni baraza la kabaila. Ndilo lililotoza ada za ndoa na kuandika nani anadaiwa siku ngapi za kazi. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 ilipoua watu wengi mno na vibarua wakaadimika, mabwana walipitisha sheria ya mwaka 1351 kuzuia ujira usipande, na wakulima walipoinuka mwaka 1381 huko Essex na Kent, moja ya vitu walivyovichoma moto ni vitabu vya mabaraza hayo, kwa kuwa utumwa wao ulikuwa umeandikwa humo. Na bado ni baraza hilo hilo ambamo wakulima wenyewe waliamua siku ya kuanza kuvuna, idadi ya ng'ombe wa kila mtu malishoni, adhabu ya mwizi wa masuke. Kabaila hakujua ngwe ipi inatuama maji. Wao walijua. Kazi ya akili ya kuendesha kilimo cha Ulaya ilikuwa mikononi mwa watu ambao lile sanamu la pauni 19 liliwaita wajinga. Kabaila ameondoka Laxton, siku za kazi za lazima zimekwisha zamani, na kilichosalia ni ile sehemu ya wakulima.

Kwa nini kimesalia hapa na si kwingine? Kwingine, hasa karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha sheria kwa maelfu za kufuta mashamba ya wazi, yakazungushiwa uzio, na wadogo wengi wakapoteza haki zao za malisho wakaenda kuwa vibarua. Laxton ilikuwa na wamiliki wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl of Scarbrough, ambao hawakuafikiana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi, ndiyo maana za leo ni kubwa kuliko za kwenye ramani ya 1635. Mwaka 1952 serikali ilikinunua kijiji ili kisipotee, mwaka 1981 kikaenda kwa Crown Estate, taasisi inayosimamia ardhi ya Ufalme, na mwaka 2020 kikarudi kwa Thoresby, mali ya ukoo uliotokana na huyo Earl Manvers. Wakulima wa leo ni wapangaji.

Mambo ya msafara. Nendeni kwa gari, na vaeni gambuti hata jua likiwaka, kwa sababu mfinyanzi ule hauna urafiki na viatu vya mjini. Tembeeni kwenye njia tu, maana lile ni shamba la mtu na ngano ni chakula. Hakuna mtembezaji anayekusubiri siku za kawaida, na maelezo ni ya Kiingereza, hivyo mwenye mzazi asiyesoma Kiingereza amtafsirie taratibu. Pale Dovecote Inn tulipata supu ya mboga ya moto na mkate, na mhudumu alipoona nimelowa alinisogeza karibu na moto bila kuombwa. Pitieni pia zizi la mifugo iliyopotea. Mnyama aliyekutwa kwenye mazao alifungiwa humo mpaka mwenyewe alipe. Niliposimama mbele yake nikakumbuka mbuzi wa mzee mmoja kule Wanging'ombe ambao ofisi ya kijiji iliwashikilia siku mbili. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli nalo lina makaburi ya wakubwa wa ngome. Tulipita haraka.

Mwenye watoto wanaotaka michezo na vitu vya kugusa, Laxton itawachosha. Mwenye mzee aliyelima, ampeleke kabla ya yote. Kwangu mimi ni nyota tano, na naziandika bila kusita.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mwenzangu, bwana shamba mstaafu kama mimi, tuliyevuta naye kamba za bega kwa bega. Nilimweleza habari za vigingi, tela, wazee kumi na wawili na mvua ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na yule aliyekula mpaka, kesho yake wanasalimiana?"

Nikamwambia kwamba wale wazee wote wanalima shamba hilo hilo, na walipomaliza kupiga vigingi niliwaona wakipanda tela moja, wamebanana, wanakwenda kula.